Klachi inayolia: gia boksi ibaki mahali pake kwanza

Kojani ni kisiwa cha kuvukia kwa mashua. Gari za samaki huishia upande wa Pemba, kando ya maji, zikisubiri mzigo wa kupeleka Wete au Chake Chake. Pikapu moja inayofanya kazi hiyo ilianza kulia klachi: kwii dereva akikanyaga, kwii tena akiachia.

Ushauri wa mwanzo aliopewa ulikuwa kushusha gia boksi na kubadilisha kila kitu. Huo ni ushauri wa gharama. Kazi yenyewe inakula siku nzima, na spea ikikosekana kisiwani lazima iagizwe Unguja au Dar es Salaam, ije na meli. Fundi aliyeipokea gari hakugusa spana mpaka ajue sauti inatoka wapi, na kwangu mimi hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe.

Alizima injini, akatia vigingi kwenye magurudumu. Injini ikisimama hakuna beringi ya klachi inayozungushwa, kwa hiyo kama pedeli bado inalia, kuna kitu kinasuguana kikavu: bushi za pedeli, springi yake, pini inayoishika na masta silinda, au huko chini, uma unaosukuma rilizi beringi. Pikapu ile ililia vilevile.

Dereva akaambiwa aisukume pedeli kwa mkono, taratibu, na fundi akaingiza kichwa chini ya dashibodi. Mlio wa kwanza aliupata hapo hapo. Bushi za plastiki zilikuwa zimekauka na kujaa mchanga laini wa pwani, maana dereva anapanda gari na miguu mibichi kutoka majini, na chumvi inabaki hapo siku baada ya siku. Lakini kulikuwa na mlio wa pili, mzito kidogo. Fundi akalala chini ya gari, akaweka kidole kwenye ncha ya uma inayotokeza nje ya kasha la klachi. Kila sauti ilipotoka, uma ulitetemeka. Raba inayoziba tundu la uma ilikuwa imechanika, na maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye samaki na barafu yalikuwa yakipenya ndani.

Marekebisho yalikuwa mepesi. Pini ya pedeli ilichomolewa, bushi zikafutwa mpaka zikang'aa, zikapakwa grisi ya lithiamu. Kwa uma, alipitisha mrija mwembamba kwenye tundu lile na kuweka tone la grisi kwenye kichwa cha chuma ambacho uma huegemea. Tone tu. Grisi ikirukia klachi pleti, gari itateleza mlimani, na hapo gia boksi itashuka kweli. Wanaomimina mafuta ya kula au oili chakavu kwenye pedeli wanajitafutia tabu: mafuta hushika mchanga, na yakifika kwenye raba za masta silinda huzivimbisha.

Ndipo injini ikawashwa. Fundi alikanyaga kidogo tu, kiasi cha rilizi beringi kugusa presha pleti. Beringi iliyochoka huanza kulia papo hapo na kuzidi kadiri unavyokanyaga. Kelele zikisikika mguu ukiwa juu na kunyamaza ukikanyaga, mshukiwa ni beringi ya shafti ya gia boksi. Zikija pale pedeli ilipofika chini kabisa, mara nyingi ni beringi ndogo iliyo katikati ya faiwili, kwa gari zilizo nayo. Pikapu ilinyamaza kote kutatu.

Kama rilizi ingelia, gia boksi ingeshushwa bila ubishi, na hapo ni busara kubadilisha pleti, presha pleti na rilizi kwa pamoja, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile. Rilizi kuukuu haioshwi kwa petroli ikarudishwa: grisi yake imefungiwa ndani, na petroli huiyeyusha.

Raba mpya ya uma ndiyo spea pekee iliyoagizwa. Dereva naye aliambiwa asiegemeze mguu kwenye pedeli anapopanda vilima vya Pemba na mzigo, maana uzito huo mdogo unatosha kuifanya rilizi izunguke safari nzima.