Usimwamini Mshindi wa Mwezi wa Kwanza

Goma ina wachambuzi wengi kuliko viwanja. Mechi ikiisha Stade de l'Unité, motari wa kukurudisha Birere anakuwa ameshatoa hukumu kabla hujapanda, na hukumu yenyewe ni matokeo yakisemwa kwa sauti kubwa: aliyeshinda ana timu, aliyefungwa amfukuze kocha. Mwanzoni mwa msimu hukumu hiyo haina thamani. Wachezaji wapya bado wanajifunza majina ya wenzao, mapafu hayajafunguka, na kocha mwenyewe anajaribujaribu. Kazi ya mtazamaji ni kutenganisha kasoro ambayo mazoezi ya wiki sita yataiponya na kasoro ambayo ndiyo tabia ya timu. Ya kwanza isamehe. Ya pili utakutana nayo tena mwisho wa msimu.

Mfano tunao hapa jirani. Januari 2016, kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa Rwanda, Kongo ilifungwa 3-1 na Kameruni mjini Huye, mechi ya mwisho ya kundi. Aliyesoma matokeo ya siku hiyo peke yake angeizika timu ya kocha Florent Ibenge. Lakini Kongo ilikuwa imeshafuzu, baada ya kuifunga Ethiopia 3-0 na Angola 4-2. Kameruni walitolewa robo fainali, na Kongo wakaifunga Mali 3-0 Kigali na kubeba kombe.

Basi tuseme msimu wa wanafunzi umefunguliwa, na vyuo vikuu vyetu viwili, UNIGOM na ULPGL, vinacheza. Kabla ya kuwatazama wachezaji, tazama ardhi. Mji wetu umejengwa juu ya lava, na mwaka 2002 na 2021 volkano ya Nyiragongo iliongeza nyingine. Viwanja vingi vya mtaani ni vigumu, na mpira ukianguka unaruka kama una hasira. Kwa hiyo usimzomee kiungo ambaye mpira umemruka mguuni mara moja. Mtazame kabla haujamfikia. Je, ameshageuza kichwa kuangalia nyuma yake? Ameuweka mwili upande, aone goli na mpira kwa pamoja? Anayepokea akiwa amelipa goli mgongo kila mara, hata kwenye nyasi za Ulaya atarudisha mpira kwa beki. Hiyo ni tabia, lava haihusiki.

Hewa nayo ina mambo yake. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye hewa nyepesi mpira mrefu husafiri zaidi kuliko anavyotegemea mtu aliyezoea Kinshasa, ambako mwinuko ni kama mita 300. Mgeni akipiga krosi tatu zikapita juu ya kila mtu, usiseme hajui mpira. Akipiga ya nane vilevile, sema.

Sasa jambo lenyewe, ambalo wengi hawalioni kwa sababu macho yao yanaufuata mpira. Acha nafasi ya katikati ya jukwaa, ile inayogombewa na wakubwa, ukasimame nyuma ya goli, juu kadiri unavyoweza. Kutoka pale uwanja unauona kwa urefu wake, na unaweza kupima umbali kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji wa mbele. Timu iliyoshikana hubaki ndani ya mita 30 hadi 40 hivi, ikipanda pamoja na kushuka pamoja. Timu iliyokatika utaiona mara moja: washambuliaji wanakimbiza mpira kule mbele, mabeki wamebaki karibu na kipa wao, na katikati kuna shamba ambalo kiungo wa wapinzani analima peke yake.

Ukishaliona shamba hilo, angalia saa. Likifunguka dakika ya 65, pole zao, ni pumzi. Hii ni mechi ya kwanza na miguu ni ya likizo. Likiwa wazi tangu dakika ya 10, wakati kila mtu bado ana nguvu, basi hawakufundishwa kupanda pamoja, au walifundishwa na hawamwamini mwenzao. Mimi kipimo hiki nakiweka juu ya vingine vyote, na sijali ubao unasema nini.

Kipimo cha pili ni sekunde chache baada ya mpira kupotea. Usimtazame aliyeupoteza, maana yeye atashika kichwa tu. Watazame watatu walio karibu naye. Wakimvamia adui papo hapo, timu ina kocha. Wakinyoosha mikono kulaumiana, ina wachezaji kumi na mmoja tu.

Magoli yachunguze yalivyopatikana. Penalti ya mkono wa bahati mbaya, au kipa kuteleza kwenye tope la mvua ya Septemba, ni pointi halali lakini haikufundishi lolote kuhusu wiki ijayo. Ukipenda kuandika, andika machache: nafasi ambayo mtu alipata kupiga ndani ya boksi bila kubanwa, na mpira uliotekwa upande wa adui. Kuhesabu sana nako kuna hatari. Mwingereza Charles Reep alianza kurekodi mechi kwa penseli Machi 1950, kwenye uwanja wa Swindon Town, akagundua kwamba magoli mengi hutokana na pasi tatu au pungufu. Akahubiri mipira mirefu maisha yake yote. Alichosahau ni kwamba katika mechi yoyote mashambulizi mengi, yenye goli na yasiyo na goli, huishia kwenye pasi chache.

Kipa mpime mpira ukiwa mbali naye. Robert Kidiaba wa Mazembe watu wanamkumbuka kwa kurukaruka kwa makalio mwaka 2010, siku Internacional ya Brazili ilipofungwa 2-0 kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Burudani hiyo iache. Uliza kipa wako anasimama wapi wenzake wakishambulia, na kama mabeki wanasikia sauti yake. Anayeganda kwenye mstari huwaongezea mabeki uwanja wa kulinda.

Kona na faulo za mwezi wa kwanza nazipita haraka, kwa kuwa hufundishwa mwisho. Refa na dawa nawaachia wenye ujuzi huo.

Kocha anapimwa kwa jambo moja: ameona kinachomuumiza? Shamba likiwa katikati naye akaongeza mshambuliaji wa tatu ili kuwafurahisha mashabiki, hata akisawazisha, mtilie shaka.

Kati ya timu iliyoshinda 2-1 ikiwa imekatika vipande viwili tangu dakika ya 10, na iliyofungwa ikiwa imeshikana mpaka pumzi ilipokata, mimi naichukua iliyofungwa. Iandike hukumu yako usiku huohuo, kabla ya kusikiliza redio, uiweke mpaka timu hizo zirudiane.