Heko kwa Walezi wa RISC OS

Wanastahiki pongezi mafundi ambao, baada ya kampuni ya kompyuta ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, kuvunjika na mfumo wake endeshi wa RISC OS kubakia yatima, waliulea, wengi wao kwa kujitolea, hata ulipodhihiri ubao mdogo wa kompyuta wa Raspberry Pi mwaka 2012 wakauhamishia humo mwaka ule ule. Kazi hiyo si sahali: sehemu kubwa ya mfumo imeandikwa kwa lugha ya asembla, na kila kifaa kipya, kuanzia saa ya ndani hadi mlango wa USB, hudai programu yake mahususi, ambayo fundi huitunga huku skrini ikiwa kiza, hana dalili ila herufi chache zipitazo katika waya. Tangu 2018 msimbo wa mfumo huo uko wazi kwa kila atakaye. Vijana wetu na wausome.