Nyumba ya Ituru: Ukulima na Jamaa katika "Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi"

Kitabu cha Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe, kina mahali pake maalumu katika nathari ya Kiswahili. Mwenyewe aliyaandika maneno hayo kwa herufi za Kiarabu katika siku za uzee wake huko Unguja. Heinrich Brode, Mjerumani, aliyageuza kuwa herufi za Kirumi, akayapiga chapa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. W. H. Whiteley aliyatoa tena, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, yakawa nyongeza ya jarida la Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki la mwaka 1958 na 1959, pamoja na utangulizi wa kihistoria wa Alison Smith. Tokea hapo kitabu kimesomwa na watu wa namna mbili: wanahistoria wanaotafuta khabari za pembe, bunduki na Kongo, na wanalugha wanaotafuta Kiswahili cha karne ya kumi na tisa.

Namna zote mbili zina faida yake. Lakini zote mbili zimepita kando ya jambo moja lililo katikati ya kitabu. Nalo ni nyumba. Kabla ya Hamed kuwa mfanya biashara mkubwa alikuwa mtoto wa mtu aliyehamia bara, akaoa bara, na akawa na mashamba bara. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikaa Ituru, karibu na Tabora, na safari nyingi za kitabu hiki zaanzia au zarudia katika nchi hiyo ya Unyanyembe. Kusudi la makala haya ni kukisoma kitabu kwa upande wa nyumba hiyo, na kuuliza kinasema nini, na kinanyamazia nini, juu ya mgeni aliyefanya ugenini kuwa kwao.

Yafaa kuanza na nasaba. Baba wa babu yake Hamed, Rajab bin Muhammed el Murjebi, alioa binti wa Juma bin Muhammed el Nebhani, mtu wa jamaa yenye heshima ya Maskati. Na mama wa binti huyo alikuwa mwanamke Mwafrika wa Mbwamaji, kijiji cha pwani kilicho kusini ya mahali palipojengwa Dar es Salaam baadaye. Mama yake Hamed mwenyewe, binti Habib bin Bushir, alikuwa Mwarabu wa Maskati. Hivyo jamaa hii ilihama kwa hatua: kutoka Omani mpaka Mrima, kutoka Mrima mpaka Unguja, na kutoka Unguja mpaka Unyamwezi, na katika hatua ya Mrima, kama katika ile ya Unyamwezi, ndoa ndiyo iliyofungua mlango. Muhammed bin Juma alipomwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, hakutenda jambo jipya katika jamaa yake. Alifuata desturi iliyokuwako tangu Mbwamaji.

Kitabu chenyewe chaitaja ndoa hii kwa maneno machache, kama mtu atajaye jambo lililokwisha kujulikana. Lakini uzito wake ni mkubwa. Ardhi ya Unyanyembe ilikuwa chini ya mtemi, na mgeni alilima kwa idhini yake. Mfanya biashara asiye na jamaa alikuwa mtu wa kupita: alilipa, akauza, akaenda zake. Mkwe wa mtemi alikuwa mtu wa ndani. Aliweza kukaa, kulima, kukusanya wafuasi, na kuwa na sauti katika mashauri ya nchi. Kwa hiyo shamba la Ituru na unyumba wa Karunde ni jambo moja lenye pande mbili, na mhakiki anayeutenga utajiri wa Muhammed bin Juma na ndoa yake hupotea njia.

Ushahidi wa neno hili umo katika khabari za vita vya Mnywa Sere. Fundikira alipokufa katika miaka ya mwisho ya 1850, Mnywa Sere alitawala mahali pake. Kisha akagombana na Waarabu wa Tabora, wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa. J. H. Speke, aliyefika Kazeh mwaka 1861 vita vingali vinaendelea, alieleza kwamba chanzo kilikuwa ushuru: mtemi alitaka kodi juu ya mali ya wafanya biashara, nao wakakataa. Hamed kwa upande wake aeleza ugomvi wa nyumbani, uliowagusa watu wa Karunde, na baba yake akiwa mkwe aliyeingia vitani kwa ajili ya jamaa ya mkewe. Wanahistoria kwa kawaida wameshika maelezo ya Speke na kuyaona yale ya Hamed kuwa pambo. Hiyo si haki kamili. Speke alikuwa mpita njia, naye aliona hesabu ya mali. Hamed alikuwa mtoto wa nyumba, naye aliona hesabu ya jamaa. Kwa Muhammed bin Juma hesabu hizo mbili hazikutengana. Kumtoza ushuru kulikuwa kumwambia kwamba yeye angali mgeni, hali ndoa yake ilikwisha kumwambia kwamba yeye ni mwenyeji. Hapo kitabu hiki chatoa maarifa ambayo hayapatikani kwa Mzungu yeyote aliyepita njia ile.

Lakini katika jambo la pili, yaani shamba, mambo ni kinyume. Hapa wapita njia wasema mengi na mtoto wa nyumba asema machache. Richard Burton, aliyefika Kazeh mwezi wa Novemba 1857 akakaribishwa na Snay bin Amir, alieleza maisha ya raha ya Waarabu wa huko, na tembe zao kubwa zenye mashamba na bustani. H. M. Stanley, aliyekaa Kwihara mwaka 1871, alihesabu miti na mboga zilizozunguka tembe: michungwa, milimau, mipapai na miembe, vitunguu na saumu, pilipili, matango, nyanya na mabiringani, na katika mashamba mpunga, mtama na mahindi. Kwa maneno mengine, nyumba kama ya Ituru haikuwa ghala la pembe tu. Misafara ya mamia ya watu ilipita Tabora, kutoka pwani na kutoka Ujiji, na kila mtu katika msafara ule alihitaji posho. Mwenye chakula Tabora alikuwa na nguvu juu ya mwenye nguo kutoka Bagamoyo.

Zaidi ya hayo, safari na kilimo vilikuwa na kalenda moja. Mvua ya Unyamwezi huanza kwa kawaida karibu na Novemba, ikaisha Aprili. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakulima pia. Walipenda kushuka pwani baada ya mavuno, na wakati wa kulima ilikuwa vigumu kuwapata. Jembe la chuma lilikuwa chombo cha kazi, tena lilikuwa fedha: watu walilitumia katika kununua na katika kutoa mahari. Msomaji akiyajua haya, ataona kwamba mara nyingi safari ilipocheleweshwa au kuharakishwa, nyuma yake palikuwa na shamba lililohitaji watu.

Kwa nini basi shamba lenyewe halionekani katika Maisha? Sababu ya kwanza ni ya lugha, nayo yastahili kuangaliwa na wanalugha. Nathari ya Hamed hutembea kwa kiambishi -ka-. Sentensi zake ni fupi, kila tendo lamfuata lililotangulia: mtu akaondoka, akafika, akakuta, akanunua, akapigana, akarudi. Ni nathari ya mwendo, na katika mwendo haina kasoro. Wachache walioandika baada yake wameweza kuchukua khabari nyingi hivyo kwa maneno machache hivyo. Lakini kilimo si jambo la -ka-. Kilimo ni jambo la hu-: watu hulima, hupanda, hupalilia, huvuna, na mwaka wa pili hufanya vile vile. Palipo na mazoea hapana khabari, na pasipo khabari mwandishi huyu hapumziki. Ndiyo maana Ituru huonekana wakati wa kufika na wakati wa kuondoka, lakini siku zilizo katikati hazina maneno.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mithali ya Waswahili yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Muhammed bin Juma alikaa Unyanyembe miaka mingi, wala hakuna dalili kwamba alishika jembe. Mashamba ya Waarabu wa Tabora yalilimwa na watumwa, walionunuliwa au kutekwa katika nchi za mbali, hasa za magharibi na kusini. Hata Wanyamwezi wenye mali walinunua watumwa kwa faida ya pembe na ujira wa upagazi, ili mashamba yao yasilale wakati wanaume wako safarini. Jan-Georg Deutsch, katika utafiti wake uliotolewa mwaka 2006 juu ya kukoma kwa utumwa katika koloni ya Wajerumani, ameonyesha jinsi watumwa walivyokuwa sehemu kubwa ya watu wa Tabora. Watu hao ndio waliolisha nyumba ya Ituru, nao katika kitabu hawana majina, hawana jamaa, hawana maneno. Wakitajwa, hutajwa kwa hesabu kama mali nyingine, au kwa kukimbia kwao.

Neno moja laonyesha jinsi ukimya huu ulivyofanya kazi: neno washenzi. Hamed hulitumia bila kusita kwa watu wa bara kwa jumla. Lakini mama yake wa kambo alikuwa binti wa mtemi wa bara, watu wa mtemi huyo walikuwa wakwe wa nyumba yao, na katika nasaba yake mwenyewe alikuwamo mwanamke wa Mbwamaji. Hapana shaka kwamba hakumkusudia Karunde alipolitamka neno lile. Basi mpaka wa ushenzi katika kitabu hiki si mpaka wa rangi wala wa nchi. Ni mpaka wa jamaa. Aliyeingia katika nyumba kwa ndoa alipata jina. Aliyeingia kwa kununuliwa akapewa jembe hakupata. Nyumba moja, ardhi moja, na chakula kimoja. Lakini waliokula wakumbukwa, na waliolima wamesahauliwa.

Mtu aweza kujibu kwamba si haki kukilaumu kitabu kwa jambo ambalo hakikukusudia kulieleza. Hamed alikuwa mfanya biashara mzee aliyetaka kuacha kumbukumbu ya safari zake; hakuna aliyemtaka aeleze mashamba. Jibu hili lina nguvu, na lingetosha kama Ituru isingekuwa na kazi katika hadithi yake. Lakini ina kazi. Kijana alikataa kwenda safari chini ya mtu mwingine aliyekabidhiwa mali ya baba yake, mpaka mali ikawekwa mikononi mwake yeye. Na heshima ya baba yake katika nchi ile ndiyo iliyokuwa amana yake ya kwanza. Tena mwisho wa maisha yake wathibitisha mwanzo wake. Alipoiacha Kongo na kufika Unguja mwaka 1891, hakuendelea na safari. Alikaa akawa mwenye mashamba, mpaka alipokufa mwaka 1905. Pembe ilikuwa njia, na shamba lilikuwa makao. Kitabu kinachosimulia njia peke yake kimesimulia nusu.

Ikumbukwe pia wakati kilipoandikwa. Serikali ya Unguja ilikuwa imeondoa hali ya utumwa katika sheria mwaka 1897. Tabora ilikuwa chini ya Wajerumani tangu walipoivunja ngome ya Isike mwezi wa Januari 1893, na huko utumwa haukukomeshwa kwa sheria mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mzee huyu aliandika hali ulimwengu wa nyumba yake wavunjika upande mmoja na wadumu upande mwingine, na msomaji wake wa kwanza alikuwa ofisa wa Kijerumani. Kunyamaza kwaweza kuwa mazoea; kwaweza pia kuwa busara.

Kutokana na haya yote, kitabu hakipungui thamani. Namna ya kukisoma ndiyo ipasayo kubadilika. Kwanza, kisisomwe peke yake. Mikataba ya madeni na mali iliyohifadhiwa Unguja, ambayo Thomas McDow ameitumia katika kitabu chake cha mwaka 2018, yaonyesha jinsi watu wa Omani waliofika Tabora walivyofungwa na jamaa na wadai wao wa pwani. Maelezo ya Rashid bin Hassani, mtu wa Kibisa aliyetekwa utotoni akauzwa, yaliyochapishwa kwa Kiingereza katika Ten Africans mwaka 1936, yatoa sauti ya upande ule ambao Hamed hakuuandika. Pili, chapa mpya ya Kiswahili yahitajiwa, yenye faharasa ya jamaa, wake na wakwe, na maelezo ya maneno ya Kinyamwezi, ili msomaji aone nyumba na si njia tu. Tatu, watafiti wa Tabora wenyewe wakusanye yaliyosalia katika vinywa vya watu: majina ya mashamba, majina ya ukoo yaliyobadilishwa, na khabari za asili ambazo wazee wamezificha kwa aibu isiyo yao.

Kazi hii ya tatu ndiyo ya haraka. Tangu mwaka 2006 njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, Kwihara ikiwa ndani yake, imo katika orodha ya mahali ambapo Tanzania imekusudia kupaombea daraja la urithi wa dunia. Miembe ya kale ya Tabora huonyeshwa kwa wageni na kusimuliwa kama alama ya Waarabu na misafara yao. Yaweza kuwa kweli kwamba wao ndio walioleta mbegu. Lakini mbegu hufukiwa na mkono, nao mti mchanga hutiliwa maji mwaka baada ya mwaka, na mikono iliyofanya kazi hiyo ina wajukuu Tabora hata leo. Maisha ya Hamed bin Muhammed hayakuwapa jina. Uhakiki hauwezi kuliandika jina hilo kwa kubuni; waweza tu kuonyesha mahali lilipopaswa kuwapo, ili watakaolitafuta wajue pa kuanzia.