Kyiv Ilivyoufunga Mkono wa Kushoto

Kosa lenyewe lilifanyika darasani, mbali na jukwaa, ndiyo maana limedumu muda mrefu hivi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, konsavatori ya Kyiv ilipofufua mafunzo ya bandura, ala ya nyuzi ya Ukraine, ilishika mkao wa Chernihiv ukawa ndio mkao wa shule, na ule wa Kharkiv ukaachwa nje ya mlango. Kazi ya maisha ya Hnat Khotkevych, mwalimu aliyeupanga mkao huo wa Kharkiv, ikakatwa shina wakati ndio kwanza inazaa. Kisiasa naelewa kilichotokea. Kimuziki hakuna utetezi.

Tuuchambue uamuzi huo taratibu, maana wanaoutetea hupenda kuupitia mbiombio. Katika mkao wa Chernihiv, bandura husimama ikiwa imekipa kifua cha mpigaji ubavu. Mkono wa kushoto hukaa shingoni na kudonoa besi, basi. Pristrunki zote, yaani zile nyuzi fupi nyingi zinazobeba wimbo, huachiwa mkono wa kulia. Vidole hivyo hivyo vinatakiwa vicheze wimbo, vijaze akodi, vitie mapambo na kuzima nyuzi zinazoendelea kulia bila ruhusa. Sikiliza rekodi yoyote ya mtindo huo inapofika kwenye mwendo wa kasi wenye sauti mbili. Wimbo unapanda, sauti ya kati inafifia, besi inagonga na kunyamaza, kisha panabaki shimo. Shimo hilo huzibwa kwa arpejio, na arpejio zinapozidi, kila kipande kinafanana na kilichotangulia. Nimezilalamikia arpejio hizi miaka mingi na sijapata jibu la maana, ila kuambiwa kwamba wasikilizaji wanazipenda.

Sasa utazame mkao wa Kharkiv. Bandura inalazwa sambamba na kifua, uso wake ukiwaelekea wasikilizaji. Mkono wa kushoto unapita juu ya ukingo, unashuka kwenye pristrunki, na unaweza kurudi kwenye besi wakati wowote. Mikono miwili inakutana kwenye nyuzi zile zile. Wa kushoto ukitaka kushika wimbo, unaushika, wa kulia ukauitikia. Noti moja inaweza kurudiwa kwa vidole vya mikono yote miwili, ikatetemeka mfululizo bila kidole kuchoka. Sauti mbili zinatembea kila moja kwa njia yake, na mkono ulio huru unazima kinachotakiwa kuzimwa. Kumfundisha kijana bandura kisha kumnyima haya ni kumpa mvuvi makasia mawili na kumwamuru atie moja tu majini.

Khotkevych hakuyabuni haya mezani. Aliyachukua kwa wakobzari vipofu, waimbaji wa jadi wa bandura, wa upande wa Kharkiv, akina Hnat Honcharenko, akayapanga hatua kwa hatua kwa akili ya mhandisi, kwani uhandisi ndio aliousomea Kharkiv hadi 1900. Mengine aliyofanya nayataja kwa kifupi kwa sababu hayana doa. Mwaka 1902 aliwapandisha wakobzari jukwaani kwenye kongamano la akiolojia Kharkiv. Akiwa uhamishoni Galicia, alichapisha Lviv mwaka 1909 kitabu cha kwanza cha kufundishia bandura. Mwaka 1926 alianza kufundisha darasa la bandura Kharkiv, na mwaka 1930 akatoa utafiti wake juu ya ala za muziki za watu wa Ukraine, ambao mtafiti wa fani hii hawezi kuuruka hadi leo.

Watetezi wa Kyiv wana hoja mbili. Ya kwanza ni hofu. Khotkevych aliuawa Oktoba 1938 na dola ya Stalin, na kwa miaka mingi kulitaja jina lake kulikuwa hatari. Kwa mwalimu wa mwaka 1946, hoja hiyo naipokea kwa moyo wote. Lakini mwaka 1956 alisafishwa jina rasmi. Tangu hapo kilichozuia ni mazoea, pamoja na kiwanda cha Chernihiv kilichokuwa kikitoa bandura za mbunifu Ivan Sklyar, na mitaala iliyokwisha kuandikwa kuzifuata ala hizo.

Hoja ya pili ndiyo inayonikera. Husemwa kwamba bandura ya Kharkiv ilikuwa ya kidiatoniki, yenye nyuzi thelathini na kidogo, hivyo isingeweza kupiga repertwari ya kisasa. Hapa wanachanganya mambo mawili. Kromatiki ni suala la nyuzi na vibadilisha ufunguo. Mkao ni suala la mwili na mikono. Ndugu Petro na Oleksander Honcharenko, wakiwa wakimbizi Ujerumani baada ya vita, walitengeneza bandura za mkao wa Kharkiv zenye kromatiki. Sklyar mwenyewe alisanifu ala ya Kyiv-Kharkiv iliyokusudiwa kuukubali mkono wa kushoto. Ufumbuzi ulikuwepo, tena ndani ya nyumba yao wenyewe, na shule haikuutaka. Iliongeza nyuzi zikapita hamsini, na huo uzito wote ukaangukia mkono mmoja.

Nimewahi kusema, na narudia, kwamba idadi ya nyuzi ndiyo ugonjwa mkubwa wa bandura ya leo. Mwishoni mwa 1908, mshairi Lesya Ukrainka alimnasa yule mzee Hnat Honcharenko kwenye fonografu kule Yalta, na mtafiti Filaret Kolessa akaziandika dumy zake, yaani nyimbo za masimulizi, kwa nota. Mzee yule alikuwa na ala ndogo ya diatoniki. Zisome nota za Kolessa uone jinsi ala inavyojibizana na sauti ya mwimbaji, inavyonyamaza na inavyorudi. Wapigaji mahiri wa sasa wana kila kitu ambacho yeye hakuwa nacho, na ni wachache wanaonifikisha alikonifikisha.

Mkono wa kushoto uliponea ughaibuni. Kwaya ya wapiga bandura iliyohamia Detroit mwaka 1949, chini ya Hryhory Kytasty, ilikwenda na mkao wa Kharkiv. Zinoviy Shtokalko, daktari wa New York aliyefariki 1968, aliacha rekodi pamoja na kitabu cha kufundishia kilichotoka Edmonton mwaka 1989. Victor Mishalow, aliyezaliwa Sydney, ameyahariri maandishi ya Khotkevych yaliyokuwa yamelala bila kuchapishwa.

Hata Kyiv yenyewe wapigaji baadaye walianza kuurusha mkono wa kushoto juu ya ukingo kufuata pristrunki. Lakini wanafanya hivyo kwenye ala ambayo haikujengwa kwa ajili hiyo. Kifundo kinajipinda, mwili wa ala ni mnene, na mkono unafika umechelewa. Tiba ya maana ingeanzia mwaka wa kwanza wa masomo. Mwanafunzi aanze kwenye bandura ya Kharkiv, kabla mkono wa kushoto haujazoea kukaa shingoni, na akishazijua njia zote mbili achague mwenyewe mkao wa kuhitimu nao.