Kificho na Mluzi

Green Hills of Africa, kitabu cha Ernest Hemingway, kinaanza ndani ya kificho. Msimulizi ameketi nyuma ya ukuta wa vijiti na matawi, kando ya mahali ambapo wanyama huja kulamba chumvi. Kinachongojwa ni tandala. Halafu lori linakuja likinguruma na mawindo ya jioni hiyo yameharibika. Ni mwanzo mzuri, sitadanganya. Lakini kila nikiusoma nakwama kwenye kitu kidogo ambacho Hemingway mwenyewe anakitaja bila kuona haya: kificho kile hakukijenga yeye. Kilijengwa na wawindaji Wandorobo.

Hata jina hilo si lao. Limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni mtu maskini, mtu asiye na ng'ombe. Kwa hiyo ukurasa haujaisha na tayari tuna watu waliofanya kazi, wameitwa kwa jina la dharau la majirani, na mgeni anayechungulia kupitia matundu ya kazi yao. Mwenye lori, Mwaustria anayeitwa Kandisky, ndiye aliyeharibu mawindo, lakini jioni hiyohiyo anapata nafasi ya kupiga gumzo na msimulizi kuhusu waandishi wa Ulaya na Marekani. Waliojenga kificho hawapati nafasi hiyo. Fasihi inajadiliwa na aliyewafukuza wanyama.

Safari ile ilikuwa Tanganyika, kati ya mwisho wa 1933 na mapema 1934, na kitabu kikatoka 1935. Isiolo haimo. Kwa nini basi mtu wa Isiolo ajisumbue nacho? Kwa sababu Isiolo nayo imeandikwa kutoka kwenye kificho. Ukiuliza ulimwengu wa vitabu kuhusu mji huu, utajibiwa Born Free, kitabu cha Joy Adamson cha 1960, kwa kuwa mumewe George alikuwa afisa wa wanyamapori aliyekuwa na makao yake hapa. Simba Elsa anajulikana London kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa Bula Pesa. Simlaumu simba. Nauliza tu ni nani alikuwa akitazama, na alikuwa amekaa wapi.

Kuna sababu nyingine. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977. Wengi wetu tunaosoma jarida hili hatukuwa tumezaliwa. Kwetu sisi uwindaji ni ama kesi mahakamani ama stori ya mzee. Ni fasihi, kwa maana kamili ya neno. Hatuujui kwa mikono, tunaujua kwa jinsi ulivyosimuliwa. Ndiyo maana ni lazima tuwe wakali kidogo kuhusu nani anasimulia, na anasimulia akiwa amejificha au akiwa ameonekana.

Ukitaka kuona kificho kikiwa kimekamilika kama sanaa, tazama video za Wamarekani wakiwinda bata mzinga wa mwituni. Ziko tele, bando tu. Majira ya kuchipua, kabla ya alfajiri, mtu aliyevaa nguo za rangi ya majani anakaa kwenye hema dogo au anaegemeza mgongo kwenye mti. Mbele yake amesimamisha jike la plastiki. Mkononi ana kisanduku cha mbao cha kusuguliwa, au mdomoni ana kipande chembamba cha utando, na kwa hivyo vitu vidogo anatoa sauti ya jike linaloita. Jogoo yuko mbali kwenye miti, anajibu kwa kelele.

Hapo ndipo kuna ujanja wa ajabu. Kwa kawaida ya ndege hao, jogoo ndiye huita na jike ndilo huenda. Mwindaji anataka mambo yageuke, jogoo ndiye aende. Kwa hiyo mwindaji hodari ni yule anayejua kunyamaza. Jogoo akijibu, mtu anaacha kuita. Anamwacha ajiulize, kwani huyu mwanamke amekwenda wapi? Kiu ya kujua inamtoa mafichoni. Mwandishi yeyote wa hadithi anaijua mbinu hiyo: unatoa kidogo, unakata, msomaji anakufuata mwenyewe.

Kwa hiyo siwezi kuidharau. Ni kazi ya masikio na subira. Lakini tazama mazungumzo yenyewe yalivyo. Upande mmoja unasema kweli, upande wa pili unasema uongo, na mazungumzo yanaisha kwa risasi. Mwindaji amejifunza lugha ya ndege vizuri kabisa ili ndege asijue anaongea na nani.

Sasa nilete maandishi ya pili. Ni makala ya kurasa nne, yaliyochapishwa Machi 1989 katika jarida la Science. Waandishi wake ni H. A. Isack na H.-U. Reyer. Hussein Isack alikuwa mtafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, naye ni Mborana. Kitabu cha Hemingway unaweza kukiokota kwenye vitabu vya mitumba vilivyopangwa barabarani. Makala ya aina hii huhitaji nenosiri la chuo, na mimi nilipoacha chuo niliacha na nenosiri lake, kwa hiyo nilitumiwa na rafiki. Nayasoma hapa kama maandishi ya fasihi. Najua si kusudio lake. Lakini ni moja kati ya simulizi bora za porini zilizowahi kuandikwa kuhusu kaskazini mwa Kenya, na halina kificho hata kimoja.

Linahusu Waborana wanaotafuta asali na ndege mdogo wa rangi ya kijivu, kiongoza-asali. Ndege anajua nyuki walipo lakini hawezi kufungua mzinga. Mtu ana moto na shoka lakini hajui nyuki walipo. Ndege anataka nta na viluwiluwi vya nyuki, mtu anataka asali. Waborana humwita ndege kwa mluzi unaoitwa fuulido. Hupulizwa kwenye ngumi mbili zilizoshikana, au kwenye gamba la konokono lililotengenezwa, au kwenye kokwa la koma lililotobolewa ndani. Mikoma ndiyo hiyohiyo tunayoiona ikiinama kando ya Ewaso Nyiro. Sauti yake hufika zaidi ya kilomita moja, na watafiti walikuta kwamba anayepiga fuulido hukutana na ndege mara mbili zaidi.

Halafu ndege anaongoza. Waborana walikuwa wakisema siku zote kwamba ndege anaeleza njia: kwa upande anaorukia, kwa muda anaopotea mara ya kwanza baada ya kukuona, kwa urefu wa tawi analotua. Isack na Reyer walifuatilia, wakapima, na ikawa kama walivyoambiwa. Katika eneo ambalo watu hawalijui, kutafuta mzinga bila ndege kulichukua wastani wa saa 8.9. Kwa kumfuata ndege, saa 3.2. Na ndege naye hakuwa akifanya hisani: asilimia 96 ya mizinga ile asingeweza kuifikia kabla ya mtu kuifungua kwa vifaa. Waswahili wanasema fuata nyuki ule asali. Huku kwetu, fuata ndege.

Lakini takwimu si ndizo zilizonifanya niandike. Kuna mahali, karibu na mwisho, ambapo waandishi wanataja jambo ambalo hawakuweza kulithibitisha. Waborana wanadai kwamba mzinga ukiwa mbali sana, kilomita mbili na zaidi, ndege hudanganya kidogo kuhusu umbali: anatua karibukaribu, kana kwamba hataki mfuasi akate tamaa njiani. Watafiti hawana vipimo vya kulithibitisha. Hata hivyo hawalitupi. Mengine waliyoambiwa yamethibitika, kwa hiyo hawaoni sababu ya kulitilia shaka na hili.

Ebu soma tena hapo. Ni 1989, katika jarida kubwa la sayansi, na neno la mtafuta asali limepokelewa kama neno la shahidi mwaminifu. Hemingway anatuambia mwanzoni kwamba amejaribu kuandika kitabu cha kweli tupu. Isack hatangazi chochote cha namna hiyo. Anaandika tu nani alisema nini, anaenda kukagua, na pale asipoweza kukagua anasema kwa nini bado anaamini. Kwangu hiyo ndiyo kweli tupu yenyewe.

Na tofauti inaanzia mwilini. Mtu wa kwenye kificho akionekana, kazi imeharibika. Mtu wa fuulido asipoonekana na kusikika, kazi haianzi. Anatembea wazi, anapiga mluzi. Ndege akimpoteza, anarudi kumtafuta. Hakuna anayeigiza kuwa kiumbe mwingine. Mluzi ule si sauti ya ndege wala si sauti ya nyuki. Ni sauti ya mtu anayesema: ni mimi, twende.

Kabla hujaanza kulia kwa utamu wa stori hii, ngoja. Kuna ubaya wa kupenda sana habari za mtu na ndege hadi zikawa picha ya kadi. Wahadza wa Tanzania nao hufanya kazi na ndege huyuhuyu. Mwaka 2014 Brian Wood na wenzake waliandika kwamba Wahadza, baada ya kuchukua asali, mara nyingi huichoma au kuifukia nta iliyobaki ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Yaani mshirika naye anabanwa. Na kama tulivyoona, Waborana wanasema ndege naye hudanganya kuhusu umbali. Huu si urafiki wa katuni. Ni mkataba wa watu wawili wanaojuana tabia.

Lakini mkataba bado si mtego, kwa sababu upande wa pili unaweza kukataa. Ndege anaweza kutokuja. Na inaonekana anajua anayemwita ni nani: utafiti wa Claire Spottiswoode na Wood uliotoka 2023 ulionyesha kwamba ndege wa nchi ya Wahadza huitikia mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao wa Msumbiji, na wale wa Msumbiji hupendelea mwito wa Wayao. Kumbe kuna lafudhi. Ndege wa mahali fulani amejifunza watu wa mahali hapo. Watu wakiacha kuita, hakuna kitakachobaki cha kujifunza.

Nirudi kwa Hemingway, maana nisipomtendea haki nitakuwa nimejenga kificho changu. Majina ya utani anampa kila mtu. Mkewe na rafiki zake weupe pia wanayo, si Droopy na Garrick peke yao. Na kurasa zilizo hai zaidi, kwangu, ni zile ambapo anatoka nje ya nafsi yake na kumtazama M'Cola, mbeba bunduki wake, akicheka. M'Cola ana ucheshi wake ambao msimulizi hauelewi vizuri, kama pale anapomcheka fisi aliyepigwa risasi. Hapo kitabu kinapumua, kwa sababu kwa mara moja anayetazamwa anatazama pia. Tatizo ni kwamba Hemingway hana swali la kumuuliza. Anaona kicheko, anakieleza kwa ustadi, anaendelea na tandala. Isack angeuliza: mzee, unacheka nini? Kisha angeandika jibu.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoitaka kwa maandishi ya kaskazini, na nasema hivi kwa sababu tunaandikwa upya sasa hivi. Mipango ya LAPSSET imeutaja mji wetu kuwa mji wa mapumziko. Ripoti zinakuja, vipeperushi vinakuja, filamu za drooni zinakuja, zote zikitazama kutoka juu. Na sisi wenyewe vijana, tukiandika, mara nyingi tunaingia kwenye kificho kilichojengwa tayari: ukame, mifugo iliyokufa, bunduki, machweo. Tunajua sauti ambayo mhariri wa Nairobi au wa Ulaya anataka kuisikia. Tunaitoa vizuri kabisa, kama yule mwenye kisanduku cha mbao, na tunanyamaza mahali panapofaa ili aje. Anakuja, analipa. Lakini tumeongea naye kwa sauti ya ndege wa plastiki.

Kuna methali ya Kiswahili, kanga hazai ugenini. Kanga wetu wa huku, wale wa kifua cha buluu na kichwa kipara kama cha tai, wapo wengi kando ya Ewaso Nyiro, na ndio wangekuwa bata mzinga wetu kama uwindaji usingekatazwa. Sitaki kuigeuza methali hiyo iwe amri kwamba kila mtu aandike kwao tu. Isack aliandika kwa Kiingereza, pamoja na mgeni, katika jarida la mbali, na bado fuulido imebaki fuulido, haikupewa jina lingine. Ugenini si tatizo. Kujificha ndiko tatizo.

Ombi langu ni dogo. Kurasa zile nne zitafsiriwe kwa Kiborana na Kiswahili, zisomwe katika shule za Garba Tulla, Merti na Kinna, kama simulizi na si kama somo la sayansi peke yake. Na kabla wazee wanaojua kupuliza kokwa la koma hawajaisha, mtu mwenye simu aende akawarekodi. Awaulize kwanza. Aweke majina yao mwanzoni, kabla ya lake.