Shingo, Bega na Tumbo

Hongera zenu, mafundi wa kukereza wa Kakuyuni na Malindi, kwa miguu ya vitanda yenye umbo la mtungi. Mama mfinyanzi wa Kigiriama huumba chungu kwa mikono mitupu, bila gurudumu. Nyinyi mnaanza na gogo la mwarobaini, mti mchungu usiopendwa na mchwa, mkipunguza mpaka shingo, bega na tumbo la mtungi vitokee kwenye mguu wa kitanda. Mkerezaji akikosea hana udongo wa kuongeza. Patasi ikizama kidogo tu, miguu mitatu iliyobaki nayo hukondeshwa ilingane.

Pwani hii imevienzi vyombo vya udongo tangu kale: kaburi la mnara la Mambrui lilipachikwa bakuli za kauri za Uchina. Ila vanishi kwenye miguu ya vitanda, jamani, punguzeni! Twataka kuziona nyuzi za mti kwenye tumbo la mtungi.