Mpira Ndani ya Kiambishi: Utangazaji wa Kandanda Redioni na Msikilizaji wa Ufipa

Ikisiri

Makala hii inahakiki utangazaji wa mpira wa miguu redioni kama sanaa ya masimulizi katika Kiswahili, ikiutazama kutoka upande wa msikilizaji wa uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Inadaiwa kwamba nguvu ya sanaa hiyo haimo katika msamiati wa sifa wala katika ukelele wa goli, bali imo katika sarufi: mgawanyo wa njeo, utangulizaji wa kitenzi na, zaidi ya vyote, kiambishi cha yambwa -u-. Inaoneshwa pia kwamba utangazaji wa redio wa siku hizi, kwa kuiga lugha ya runinga, unamnyang'anya msikilizaji uwanja ambao watangazaji wa awali walikuwa wakimjengea.

Utangulizi

Mwaka 1979 timu ya Simba ilifungwa mabao 4-0 na Mufulira Wanderers jijini Dar es Salaam, katika mashindano ya klabu bingwa Afrika. Ikasafiri hadi Lusaka kwa mchezo wa marudiano na kushinda 5-0. Mwezi Agosti mwaka huohuo, mjini Ndola, bao la Peter Tino liliipatia Taifa Stars sare ya 1-1 dhidi ya Zambia, na Tanzania ikaingia kwa mara ya kwanza katika fainali za Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Nigeria mwaka 1980. Shabiki wa umri fulani huyasimulia mabao hayo kana kwamba aliyaona. Hakuyaona. Vituo vya televisheni vilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, miaka 15 baadaye. Kwa asiyekuwapo Lusaka au Ndola, mabao hayo yalikuwa maneno.

Hali hiyo inadhihirika zaidi ikitazamwa kutoka Sumbawanga. Kwa mstari ulionyooka, mji huo uko karibu na Ndola kuliko ulivyo karibu na Dar es Salaam, na mkoa wake unapakana na Zambia. Hata hivyo, Ndola ya mwaka 1979 haikumfikia mkazi wa Ufipa kwa njia ya Mbala na Kasesya. Ilimfikia kwa Kiswahili cha Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Swali la msingi la makala hii ni la kiuhakiki: Kiswahili hicho kilifanya nini, kwa zana zipi za lugha, hata mtu aliyekaa karibu na redio ya betri akaamini kwamba ameuona mpira?

Fanani asiyejua mwisho

Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 iliyochapishwa katika Mulika, anaigawa fasihi simulizi katika tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Utangazaji wa mpira haukai kwa urahisi katika utanzu wowote kati ya hizo. Unakaribia masimulizi kwa kuwa una wahusika, mgogoro na kilele. Unakaribia ngomezi kwa kuwa unapeleka habari kwa hadhira iliyo mbali na isiyomwona fanani. Lakini kuna jambo moja linaloutenga na masimulizi yote: msimulizi wa ngano anajua mwisho wa kisa, mtangazaji hajui.

Tofauti hiyo si ya kifalsafa tu. Inaonekana katika viambishi. Msimulizi wa ngano huanza na -li- kisha huunganisha matukio kwa -ka-, na kila -ka- ni ahadi kwamba tukio limekwisha na jingine linafuata. Mtangazaji hana -ka-. Anayo -na- ya tendo linaloendelea na -me- ya tendo lililotimia, basi. Chukua mfano huu, uliotungwa kwa kufuata muundo wa kawaida wa utangazaji: "Anakwenda, bado anakwenda, anaingia ndani ya kumi na nane, anapiga... amepiga nje!" Mzigo wote wa tungo hii umo katika pengo lililo kati ya anapiga na amepiga. Katika pengo hilo mpira uko hewani na msikilizaji ameshika pumzi. Mtangazaji hodari hupimwa kwa jinsi anavyolitunza pengo hilo: akiliziba mapema kwa kelele, ameuharibu mchezo, na akichelewa kulifunga, shangwe za uwanjani humtangulia kutoa habari.

Sifa ya pili ni utangulizaji wa kitenzi. Katika mazungumzo ya kawaida ingesemwa, "Namba sita anaupata mpira." Mtangazaji husema, "Anaupata pale kati namba sita." Wako wanaouita mtindo huu mazoea ya redio, lakini kuna sababu ya wazi zaidi. Jicho la mtangazaji huona tendo kabla halijamtambua mtendaji. Kiambishi nafsi a- humruhusu kuanza sentensi akiwa bado anatafuta jina, kwani nafasi ya kiima imekwisha kuwekwa alama na jina litakuja likipatikana. Kiswahili kimempa mtangazaji muda wa kutazama. Watangazaji wa RTD kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, huyu wa pili aliyefariki mwaka 2025 baada ya kupitia pia Idhaa ya Kiswahili ya BBC na Azam, walifanya kazi ndani ya sarufi hiyo, na umahiri wao hauwezi kuelezwa kwa kuisifu sauti peke yake.

Uhai wa -u-

Anayehesabu neno "mpira" katika utangazaji mzuri wa redio atashangaa jinsi linavyotajwa mara chache. Mpira hutajwa kwa nomino pale unapoanzishwa, kisha huhamia ndani ya kitenzi: anauchukua, anautuliza, anaurudisha nyuma, unamgonga beki, unatoka. Kwa upande mwingine wachezaji hushikwa na -m-: anampa, anamtoka, anamwacha, anamkaba. Kwa hiyo kila kitenzi kinabeba ndani yake mchoro mdogo wa uhusiano. Anampa ni watu wawili, na anaupiga ni mtu na mpira. Unampita ni mpira na mtu, na mtu huyo ameshachelewa.

Lugha nyingine pia hutofautisha mtu na kitu, lakini kwa neno dogo linalosimama peke yake na linaloweza kurejelea mpira, lango, kadi au mechi nzima. Mfumo wa ngeli unatenganisha hivyo vyote: lango ni li-, kadi ni i-, mpira ni u-. Mzungumzaji wa Kifipa, lugha ya Kibantu iliyowekwa na Guthrie katika kundi la M.13, anafika kwenye redio akiwa tayari amezoea lugha yenye upatanisho wa ngeli. Masikio yake hayahitaji kufundishwa kuufuata mpira ndani ya kitenzi.

Si kwamba -u- haina utata. Uwanja, mchezo, mkwaju na upepo vyote vinaweza kuingia humo. Utata huo kwa kawaida hutatuliwa na muktadha, na mara nyingine huzaa uzuri usiotarajiwa, kama itakavyoonekana.

Shabiki anayesimulia kesho yake kijiweni ndiye fanani wa pili wa sanaa hii. Yeye anajua mwisho, na hivyo huirudisha -ka-: "akampokonya, akamtoka wa kwanza, akampiga wa pili kanzu, akauweka kimiani." Huacha krosi zilizopotea na pasi zilizorudi nyuma. Katika kinywa chake -na- iliyokuwa na hofu hugeuka kuwa -ka- yenye uhakika, na tukio huwa hadithi. Bao la Ndola lilihifadhiwa hivyo, likipita kinywa hadi kinywa, na yeyote anayetaka kulichunguza leo anachunguza -ka- za mashabiki zaidi ya -na- za mtangazaji. Fasihi simulizi ya Kiswahili imekusanya ngano na methali kwa bidii ya kusifika. Dakika tisini za mpira redioni, zilizosikilizwa na watu wengi kuliko ngano yoyote, hazijapewa bidii ya namna hiyo.

Sumbawanga inapotangazwa

Katika msimu wa 2020/2021 timu ya Tanzania Prisons, ambayo maskani yake ni Mbeya, ilitumia Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga kwa mechi zake kadhaa za nyumbani. Tarehe 22 Oktoba 2020 iliifunga hapo Simba, bingwa mtetezi, bao 1-0 lililopachikwa na Samson Mbangula. Kwa msikilizaji wa Ufipa mechi hiyo iligeuza uelekeo wa sauti. Kwa miongo kadhaa alikuwa akijengewa viwanja vya watu wengine: goli la kaskazini, goli la kusini, jukwaa kuu la uwanja ambao hajawahi kuukanyaga. Sasa uwanja wa kwao ulipaswa kujengewa wengine.

Hapa ndipo rejista ya utangazaji wa michezo inapofichua upungufu wake. Neno "mikoani" katika rejista hiyo lina maana ya kila mahali pasipo Dar es Salaam, ingawa Dar es Salaam nayo ni mkoa. Timu hutoka "kwenda mikoani", na ikifungwa huko, "viwanja vya mikoani" hulaumiwa. Kionyeshi kinachoambatana na neno hili karibu siku zote ni kule. Mtangazaji aliyesimama Sumbawanga akasema "kule Sumbawanga" amehamisha kitovu cha usemi kutoka miguuni pake hadi Dar es Salaam, na msikilizaji aliyeko mtaa wa pili kutoka uwanjani anaambiwa kwamba yuko mbali. Mbali na nani?

Kisha kuna utani wa jina. Sumbawanga huelezwa kuwa ni maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Katika simulizi za michezo, jina hili hutumiwa kinyume kabisa: mgeni akifungwa hapo, jina la mji linatosha kuwa maelezo, na kicheko hufuata. Utani una nafasi yake katika kandanda ya Tanzania, na shabiki wa Rukwa si mnyonge katika kuujibu. Tatizo la kihakiki ni jingine. Utani huo unachukua nafasi ya maelezo. Mji ulio katika mwinuko wa takribani mita 1,800 una hewa nyepesi, baridi na upepo wa uwandani, na vyote hivyo hugusa mpira. Kipa akiupiga mrefu dhidi ya upepo huo, mtangazaji wa redio anayo sentensi moja fupi ya kumtosha: "Unaurudisha!" Kiima u- ni upepo, na yambwa -u- ni mpira. Wahusika wawili wako ndani ya neno moja, bila jina la yeyote kutajwa, na msikilizaji wa Laela aliyetoka shambani akipigwa na upepo huohuo hahitaji ufafanuzi. Sentensi ya namna hiyo inaifahamu Ufipa kuliko mzaha wowote kuhusu jina lake.

Runinga ndani ya redio

Katika miaka hiyohiyo mashabiki wa Simba waliuita uchezaji wa timu yao "pira biriani". Ubunifu huo unastahili kutazamwa na mwanaisimu. Mpira, nomino ya ngeli ya tatu, umepoteza m- yake na kuhamia ngeli ya tano, na upatanisho umebadilika: pira linatembea, pira linapigwa. Kilichobadilika si ukubwa tu. Mpira ni kitu kinachosafiri kutoka mguu hadi mguu, ilhali pira ni mtindo, sifa, fahari ya klabu. Mtu anaweza kulisifu pira kwa nusu saa bila kusema mpira uko wapi.

Runingani hakuna madhara. Picha inamwonesha mtazamaji mpira ulipo, na mtangazaji ana uhuru wa kusifu, kukumbusha takwimu na kutaja majina ya utani. Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka 10, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225, wa kuonesha Ligi Kuu, na haikushangaza kwamba lugha ya runinga ikawa lugha yenye hadhi, ikiwa pamoja na neno lake "mubashara". Madhara yapo pale lugha hiyo inapovuka na kuingia redioni ilivyo. Linganisha tungo mbili zilizoundwa kama mfano:

"Anaurusha kutoka kulia, karibu na kibendera cha kona. Anaupokea namba nane, anaurudisha nyuma. Kipa anautoa mrefu, unaanguka katikati, beki anaukosa, anauwahi namba tisa!"

"Fundi kabisa huyu! Ona hiyo! Hapo ndipo unapomjua mchezaji wa kimataifa, hatari sana!"

Ya kwanza ina -u- saba za mpira, na mchoro wa uwanja unaweza kuchorwa mchangani kwa kidole. Ya pili haina hata moja. Huyu, hiyo na hapo ni vionyeshi visivyoonesha kitu, kwa kuwa vinategemea picha ambayo msikilizaji hana, na ona ni amri kwa mtu asiyeweza kuitii. Kwa kipimo cha makala hii tungo ya pili ni mbovu, hata kama sauti iliyoitamka ni tamu na hata kama mchezaji anayesifiwa anastahili sifa zote.

Inaweza kujibiwa kwamba shabiki wa leo ana kibanda umiza, na kwamba redio sasa ni kiburudisho cha ziada. Jibu hilo lina ukweli mjini. Lakini saa kumi jioni siku ya mechi, si kila shabiki aliyeko Mtowisa bondeni, Matai au Kasanga ziwani ana kioo mbele yake. Wapo walio shambani, walio kwenye mitumbwi, walio barabarani na simu ndogo yenye redio. Hao ndio warithi wa wasikilizaji wa mwaka 1979, na wanapata pungufu ya walichopata wazazi wao. Mzazi aliweza kulisimulia bao la Ndola kwa mlolongo wa -ka- kwa sababu alipewa kwanza mlolongo wa -na-. Aliyepewa "ona hiyo" hana cha kugeuza. Kesho yake kijiweni atataja mfungaji na matokeo, na akiulizwa bao liliingiaje, atasubiri mwenzake aliyeliona kwenye runinga aanze kusimulia.